Maneno Sita ya Mbadilisha Fedha

Kila asubuhi, kabla ya kufungua mwavuli wake mkubwa wa rangi mbili, mbadilisha fedha wa barabara yetu ya Katuba alitazama bei ya bitcoin. Alitazama mara moja tu. Alisimama karibu na kiti chake cha plastiki, akawasha data, akasoma tarakimu, akazima data ili mega zisiliwe, kisha akarudisha simu katika mfuko wa shati. Kama bei ilikuwa imepanda, alisema, "Sawa." Kama ilikuwa imeshuka, alisema, "Sawa." Halafu akafungua mwavuli na kupanga matofali yake ya faranga juu ya meza, kila tofali na mpira wake.

Nilimfahamu miaka saba. Sikuwahi kumwita kwa jina, wala sikumbuki mtu aliyemwita hivyo. Watu wa duka walisema kambiste, mbadilisha fedha kwa Kifaransa, watoto wa shule walisema Papa wa mwavuli, na mimi nilisema Papa tu. Yeye aliniita Lisansiye, kama wengi hapa wanavyomwita mtu aliyemaliza chuo kikuu. Kwa wengine jina hilo lilikuwa na dhihaka ndani yake, kwa sababu nilikuwa nimemaliza uchumi na bado niliishi kwa mama yangu, bila kazi. Kwake sikusikia dhihaka. Nililichunguza sana jambo hilo, maana ninachunguza kila kitu, na sikuisikia.

Nilianza kukaa karibu naye kwa sababu pale palikuwa na kivuli na hakuna aliyeniuliza kama nimepata kazi. Yeye aliuliza siku moja, nikajibu bado, na hakuuliza tena. Alihesabu noti akitazama barabara, hakutazama noti. Nilidhani ni majivuno ya ufundi, mpaka aliponiambia kwamba mwizi huangalia macho yako yanaangalia wapi.

Mtu asiyeishi Kongo huenda hajui mambo ya dola zetu. Hapa noti ya dola ikichanika kidogo tu, hata kama mchaniko ni mdogo kuliko punje ya mchele, haipokelewi. Haipokelewi dukani, haipokelewi hospitalini, haipokelewi na mtu wa mboga. Iwe mia kamili, iwe halali kabisa, itarudishwa mkononi mwako kama kitu kichafu. Faranga inaweza kuchakaa mpaka ikawa kama kitambaa cha kufutia meza, na bado itatembea. Dola lazima iwe nzima. Sijui nani alianza desturi hiyo. Yeye aliziita dola zilizochanika "bagonjwa", wagonjwa, na alikuwa mmoja wa wachache waliozinunua, kwa bei ya chini, ili kuzipeleka mbali, mpaka Mokambo mpakani, ambako aliwajua Wazambia wasiojali.

Siku moja mwanamke alifika na noti ya mia yenye mchaniko pembeni. Alikuwa ameitoa katika bahasha ya kanisa, ilikuwa imefungwa ndani ya kitambaa. Alihitaji kulipa hospitali kabla ya saa sita. Mbadilisha fedha aliinyoosha juu ya paja, akaitazama juani, akataja bei. Ilikuwa chini sana. Mwanamke hakubishana. Alipokea faranga zake, akaziweka ndani ya kitambaa kile kile, akaondoka.

Nilikaa nikifikiria jambo hilo mpaka saa tisa. Mwishowe nikamwambia kwamba alichofanya si haki, kwamba noti ile ni mia na itabaki mia.

"Lisansiye," alisema, "si mimi mwenye kuikatala. Ni ule atakayekuya nyuma yangu."

Baadaye, alipokuwa anafunga sanduku, aliongeza, kama mtu anayeendelea na sentensi ile ile, kwamba ndiyo sababu alipenda bitcoin. Haichaniki. Hakuna atakayeigeuza juani na kusema kona hii imeliwa. Nilimjibu kwamba yeye mwenyewe anakula kwa michaniko hiyo, na kama watu wote wangekuwa na fedha isiyochanika, angekaa chini ya mwavuli bila kazi. Alisema ni kweli. Kesho yake alinunua mgonjwa mwingine.

Wabadilisha fedha wenzake, waliokaa safu moja naye, waliita bitcoin yake fedha ya hewa. Mmoja wao, mtu mnene aliyekuwa na kiti kilichofungwa kwa waya, alimchokoza karibu kila Jumatatu.

"Papa, onyesha basi hiyo feza yako. Iko na picha ya nani?"

"Haina picha."

"Basi haina baba."

"Na faranga iko na baba? Mbona baba yake anaiacha inakonda kila mwaka?"

Walicheka wote, na yeye alicheka kidogo kwa upande mmoja wa mdomo. Hakujaribu kumshawishi mtu. Hilo ndilo lililonifanya nimsikilize, maana wakati ule mji ulikuwa umejaa vijana wenye suti waliokodisha kumbi, wakasema maneno juu ya utajiri, wakakuomba ulete marafiki wawili. Yeye aliwachukia kwa utulivu. Alisema fedha inayokuomba ulete marafiki wawili ni shimo, na wewe ni mtu wa tatu kuanguka. Mmoja wa vijana hao alikuja siku moja kumwalika kwenye ukumbi wao, akidhani amempata mwenzake. Mbadilisha fedha alimsikiliza mpaka mwisho, akampa maji ya kunywa, akamuuliza suti ile imekodishwa au ni yake. Kijana alisema imekodishwa. "Rudisha mapema," alimwambia, "utalipa ya siku mbili bure."

Alikuwa na msimamo kwamba bitcoin haiuzwi. Ukinunua, unakaa. Lakini aliuza mara mbili, nami nilikuwepo. Mara ya kwanza ni jino lake lililouma. Mara ya pili ni kitenge cha kwaya ya mke wake, kwaya nzima ilikuwa imeamua kuvaa sare mpya na yeye hakutaka mke wake asimame nyuma. Nilipomkumbusha msimamo wake, alisema kitenge si matumizi. Sikuelewa, na nadhani naye hakuelewa.

Mwaka mmoja bei ilianguka vibaya. Kwa wiki kadhaa nilisoma habari kila saa, mimi ambaye sikuwa na hata chembe ya kitu hicho. Nilikosa usingizi kwa ajili ya mali ya mtu mwingine. Yeye alikula bukari yake, ugali wetu, mchana kama kawaida, na samaki, akalamba vidole. Alisema idadi yake ni ile ile ya jana. Nilimwambia kwamba thamani ni nusu. Alisema thamani ni kitu cha wale wanaouza leo, na yeye leo hauzi. Nilidhani ni upumbavu au imani. Baadaye niligundua haikuwa imani hata kidogo. Alikuwa na sababu moja tu ya kushika kitu kile, na bei haikuhusika nayo.

Sababu hiyo aliniambia baada ya msiba wa rafiki yake, muuza vipuri vya magari, aliyefariki ghafla. Tulikwenda wote kwenye kilio. Siku ya tatu ndugu za marehemu walifika na gari. Walianza na televisheni. Wakachukua friji, viti, kitanda, magunia ya vipuri. Mjane alikuwa amekaa chini na wanawake wengine, kichwa kimefunikwa. Mwishowe mtu mmoja aliingia jikoni na kutoka na sufuria zilizopangwa moja ndani ya nyingine. Moja ilikuwa bado na maharagwe. Aliyamwaga karibu na ukuta, akaiweka pamoja na nyingine. Nilivuta miguu yangu ili apite.

Tulipokuwa tunarudi kwa miguu, nilimwambia mbadilisha fedha kwamba sheria ya familia inamlinda mjane, kwamba nimeisoma, kwamba kuna vifungu.

"Sheria iko mu kitabu," alisema. "Gari iko ku mulango."

Kisha akaniambia yaliyobaki. Watu wa kwao, upande wa Kilwa ya huku Kongo, kando ya ziwa, mali ya mwanaume inafuata ukoo wa mama yake. Wapwa wake ndio watakaorithi. Hawakuwa watu wabaya, alisema, alikuwa amewalipia wawili masomo. Lakini siku yake ikifika watakuja, na watafanya kama walivyofanya ndugu za rafiki yake, kwa sababu hivyo ndivyo inavyofanywa. Yeye na mke wake hawakuwa na mtoto aliye hai. Nyumba ilikuwa ya kupanga. Mke wake aliuza maandazi asubuhi, na siku moja atachoka. Fedha ya ndani ya sanduku wataibeba. Fedha ya benki wataidai kwa karatasi za ukoo. Alitafuta kitu ambacho mtu hawezi kukipakia garini. Ndipo Mzambia mmoja wa Mokambo akamwonyesha bitcoin.

Kwa hiyo hakuitaka itajirishe mtu. Alitaka siku ile ya tatu iwe na kitu kimoja ambacho hakitatoka mlangoni.

Mali yote ile ilikuwa ndani ya maneno kumi na mawili ya Kiingereza, yakifuatana kwa mpangilio wake. Mwenye maneno hayo, kwa simu yoyote, anaifungua. Asiye nayo, hata akiwa na simu ya marehemu, hana kitu. Nilimwambia ayaandike na kumpa mke wake. Alisema karatasi ndiyo kitu cha kwanza wanachotafuta.

Wabadilisha fedha wa safu yake walikuwa na desturi. Jioni masanduku yao yote yalilala ndani ya depo moja yenye kufuli mbili. Ufunguo mmoja ulikaa na mwenye depo, mwingine na mmoja wao. Hakuna aliyeweza kufungua peke yake, na kwa miaka yote hiyo hawakuibiwa. Yeye aliamua kufanya vile vile. Maneno sita kwa mke wake. Maneno sita kwangu.

Nilimwuliza kwa nini mimi. Nilikuwa na hamu ya kweli ya kujua, nilitaka hata anisifu kidogo.

"Juu unaogopa," alisema. "Muntu mwenye kuogopa haibe."

Mke wake, ambaye barabara nzima ilimwita Mama, alikataa kwa miezi mingi. Hakukataa fedha. Alikataa kujifunza. Alisema mwanamke anayekariri mambo ya kifo cha mume wake anakiita. Mbadilisha fedha hakumlazimisha. Kila asubuhi, mke akikanda unga, yeye alikaa mlangoni na kusema maneno sita kwa sauti, kama mtu anayejisemea, kisha akaenda kazini. Mama hakujua Kiingereza. Kwake yalikuwa sauti tu. Na Mama alikuwa mwimbaji, sauti ya pili katika kwaya yake, mtu ambaye kila sauti inayorudiwa mbele yake hugeuka wimbo. Siku moja mume wake alimsikia anayaimba juu ya mafuta ya maandazi. Alikuja barabarani akiwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona kwake, na hata hakutazama bei.

Mimi nilipewa yangu kwenye karatasi ndogo. Tangu siku ile sikupumzika vizuri. Niliificha ndani ya kamusi, nikaihamisha kwenye diploma yangu, nikaihamisha chini ya mguu wa kabati. Niliyasema maneno kimya kwenye basi, nikaogopa kwamba midomo yangu inasogea. Niliogopa kuyasema usingizini, kwa sababu nililala chumba kimoja na dada yangu. Niliogopa kufa kabla ya mbadilisha fedha. Baada ya mwaka mmoja nilichoma karatasi kwenye mbabula, jiko letu la makaa, nikiwa na hakika kwamba nimeyakariri. Ilipokwisha kuwa majivu, hakika hiyo iliondoka. Neno la nne na la tano yalianza kubadilishana nafasi kichwani mwangu. Asubuhi moja nilikuwa na hakika ya mpangilio mmoja, jioni nilikuwa na hakika ya mwingine. Ningeweza kumwuliza. Alikuwa mita mia mbili kutoka nyumbani. Sikumwuliza, kwa sababu ningelazimika kukiri kwamba nimechoma.

Kisha tensheni, shinikizo la damu, ilimpanda. Ilikuwa mwezi wa mvua, alikuwa anafungua mwavuli, na upande wake wa kulia ukalala. Mwenzake mnene wa kiti cha waya ndiye aliyembeba mpaka kwenye teksi. Alirudi nyumbani baada ya siku kumi na mbili, lakini hakuweza kusema, wala kushika kalamu. Muuguzi aliyekuja kumpima alituonyesha kwamba anasikia na anaelewa. Ukimwuliza jambo, na jibu ni ndiyo, anafumba macho. Kama ni hapana, anayaacha wazi.

Wapwa watatu walifika kutoka Kilwa, wamejaa vumbi, baada ya siku tatu njiani. Walilia kwa dhati, niliona. Mkubwa wao alimwosha mjomba wake kwa mikono yake mwenyewe. Jioni hiyo hiyo alichukua simu ya mgonjwa kutoka chini ya mto na kuiweka mfukoni mwake. Kesho yake alikwenda kwa wakala wa fedha za simu na kitambulisho cha mjomba, akarudi na uso wa mtu aliyedanganywa. Alikuwa ameambiwa na watu wa barabarani kwamba mzee ana fedha nyingi ndani ya simu. Alimwuliza Mama mara tatu fedha nyingine iko kwenye laini ipi. Mama alijibu kweli tupu, kwamba haijui laini hiyo.

Tangu siku ile hawakuacha chumba. Mmoja alilala kwenye mkeka kando ya kitanda, wawili walikaa sebuleni. Waliomba chai kwa heshima. Niliona jinsi walivyotazama vitu, polepole, kama mtu anayesoma orodha.

Mama alikuja kwetu siku ya soko, na kikapu kichwani, akaniambia wakati umefika. Tulikaa chumbani, dada yangu akiwa kazini, nikaweka programu ile kwenye simu yangu. Niliandika maneno yangu sita. Mama aliimba yake kwa sauti ya chini, nikaandika kila neno jinsi nilivyolisikia mpaka yakafika sita. Wimbo uliendelea kidogo, ukarudia mwanzo wake, kama nyimbo zote. Sikuandika marudio. Nikabonyeza. Simu ikasema maneno si sahihi. Nikaweka yake mbele na yangu nyuma. Si sahihi. Nikabadilisha la nne na la tano. Si sahihi. Nikajaribu njia nyingine, na nyingine, mpaka Mama akasema maandazi yake yatalala.

"Ni mimi," nilimwambia. "Nilichoma karatasi."

Alinitazama. Nilitegemea anikaripie, ningependa anikaripie. Alisema, "Haizuru, mutoto yangu," akaweka kikapu kichwani.

Baada ya hapo sikuhisi kitu. Watu wanasema wasiwasi ni moto, lakini wangu ulipofika mwisho wake ulikuwa kama mkono uliolaliwa. Nilikula, nilifua nguo, niliandika barua mbili za kuomba kazi. Nilijua kwamba mwanamke mmoja atatoka katika nyumba yake bila sufuria kwa sababu yangu, na niliijua habari hiyo kama ninavyojua namba ya nyumba yetu.

Ijumaa wapwa walitangaza kwamba kesho yake watamchukua mjomba Kilwa, akatunzwe na dada zake. Mama angebaki kwanza, walisema, mmoja wao angekaa naye kulinda nyumba. Sote tulielewa maana yake, kwamba vitu vimekwisha kuhesabiwa. Jumamosi asubuhi nilikwenda kuaga, na hiyo ndiyo mara ya mwisho niliyomwona.

Gari lilikuwa tayari mlangoni. Ndani, mgonjwa alikuwa ameegemezwa mito miwili, amevaa shati safi lililofungwa vifungo mpaka shingoni. Mpwa mkubwa alikuwa amekaa miguuni pake. Mama aliniona, akafuta mikono kwa kitenge, akamwambia mpwa kwamba kabla ya safari mgonjwa ataombewa, na kwamba mimi nimesoma, nitaomba kwa Kiingereza. Sikuwa nimepatana naye jambo hilo. Wapwa walivua kofia.

Nilipiga magoti karibu na kichwa chake. Alikuwa na harufu ya sabuni na ya dawa. Nikasema neno langu la kwanza, polepole, nikimtazama. Akafumba macho, akafumbua. Nikasema la pili. Akafumba. La tatu. Akafumba. Kwa la nne nilisita. Nyuma yangu mpwa mkubwa alisema kwa kunong'ona, "Hiyo ni Kiingereza ya kweli, inasemwa vile ku Zambia." Nikachagua moja kati ya mawili, nikalisema. Akafumba macho. Nikasema la tano, nikasema la sita, na kila mara macho yalifumba na kufumbuka, bila haraka, kama mtu anayepokea noti nzima.

Yalikuwa sahihi yote. Yalikuwa sahihi hata siku ile chumbani kwetu, katika jaribio la kwanza kabisa, kabla sijaanza kuyavuruga. Nilisubiri nifurahi.

Mama aliimba. Alianza kama alivyoanza siku zote, na kiitikio, maneno mawili mafupi ya sauti nzuri. Macho ya mgonjwa yalibaki wazi. Akaimba tena kiitikio. Yalibaki wazi, yalimtazama yeye, na maji yakaanza kutoka kwenye jicho la kulia lisilofungika vizuri. Wapwa walidhani ni uchungu wa kuagana. Walikuwa wameusikia wimbo ule jikoni kwa wiki mbili, na mpwa wa kati, mwenye sauti nene, aliingia katika kiitikio. Wengine wakamfuata. Wapwa watatu kutoka Kilwa waliimba, kofia mkononi, maneno mawili ya mali waliyoitafuta kwenye laini ya simu, na waliyatamka vizuri kuliko Mama.

Mama alinyamaza. Nadhani ndipo alipoelewa, kabla yangu, maana alikuwa mwimbaji. Katika kwaya yao kila wimbo huanza kwa kiitikio, kisha beti, kisha kiitikio tena. Mume wake alikuwa amemsomea maneno sita kwa mpangilio. Yeye alipenda mawili ya mwisho, akayafanya kiitikio, na kiitikio akakipeleka mbele, kwa sababu huko ndiko kinakokaa. Nami, niliyefikiria kila kosa linalowezekana, niliandika sita ya kwanza niliyoyasikia na kukata marudio.

Akaanza upya, safari hii kwenye ubeti. Neno la kwanza, mgonjwa akafumba macho. La pili, la tatu, la nne. Kisha kiitikio, na wapwa wakakiimba pamoja naye kwa nguvu, na kwa kila neno macho yalifumba.

"Amina," alisema mpwa mkubwa. "Maombi ya Kiingereza iko na nguvu. Mumeona vile anajibu."

Walipoanza kutoa televisheni, nilikwenda jikoni. Nilikaa kwenye kigoda karibu na gunia la unga, nikaandika maneno yangu sita, kisha ya Mama, nikianza na ubeti. Simu ilizunguka kidogo, kwa sababu mtandao wa Katuba ni ule mnaoujua, kisha ikafunguka. Haikuwa mali ya kumfanya mtu tajiri. Ilikuwa kodi ya nyumba ya miaka kadhaa, na unga, na mafuta. Mama alisimama mlangoni, akainua kidevu kuniuliza. Nikamwitikia kwa kichwa. Alirudi ndani kuwasaidia kukunja blanketi.

Walimlaza nyuma ya gari juu ya godoro, kati ya viti viwili vya sebuleni na sanduku lake la mbao. Mwavuli nao ulikuwemo, umefungwa kwa kamba. Mama alikuwa amepanda akimfunika miguu, akashuka. Nikapanda mimi kidogo kwenye tairi, nikainama karibu na sikio lake. Mpwa mkubwa alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, akikagua fundo la kamba. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, juu ya karatasi niliyoichoma, juu ya miaka saba.

"Papa," nilisema, "iko."

Akafumba macho. Jua lilikuwa limetoka mawinguni na kumpiga usoni, kwa hiyo sijui kama lilikuwa jibu. Nilisubiri ayafumbue. Dereva aliwasha gari, nikashuka.